Mawe ya Kuazimana

Karatasi tuliyoachiwa na kikosi kilichotutangulia ilisema jambo moja tu kuhusu mtaa wa Shangazi: lipo bomu moja ambalo halijalipuka, limezungushiwa mawe mekundu. Mkuu wetu alisema hiyo ni kazi ndogo, na akamwambia Dereva kwamba chakula cha mchana tutakula kambini.

Tulipokata kona, Dereva alisimamisha gari bila kuambiwa. Mbele ya kila nyumba, mkono wa kulia na wa kushoto, kulikuwa na duara la mawe mekundu. Machache yalikuwa ya kwetu, rangi imechakaa. Mengi yalikuwa mapya, yanang'aa kama nyanya. Kando ya mawe hayo watu waliendelea na maisha yao. Mwanamke mmoja alikuwa akitoka nyumbani kwake kwa kupitia dirishani, ametanguliza ndoo, wala hakuona ajabu yoyote.

Mkuu alishuka, akavua kofia, akaivaa tena. Amewahi kutegua mabomu visimani, makaburini, na safari moja ndani ya tanuri la mikate, lakini hili lilikuwa geni kwake.

"Moja limezaa," alisema.

Sisi wategua mabomu huandika kwa mawe. Jiwe hupakwa nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Wekundu hutazama hatari, weupe hutazama njia. Mtu yeyote anayerudi nyumbani baada ya vita hufundishwa hivyo kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Kanuni yetu ya kwanza, ambayo Mkuu huisema kama dua, ni kwamba jiwe jekundu huaminiwa. Haliulizwi limetoka wapi.

Mimi ndiye niliyekuwa afisa wa kuzungumza na wananchi. Nilikuwa nimetoka chuo, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba watu wakielezwa jambo kwa upole hutenda lililo jema. Isitoshe, mtaa ule haukuwa mgeni kwangu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiishi pale. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, ingawa kwa damu alikuwa wangu peke yangu.

Nyumba yake ndiyo pekee ambayo haikuwa na jiwe hata moja.

Alinipokea mlangoni kwa kunishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai, akasema nimekonda na serikali ndiyo ya kulaumiwa. Nyuma yake alisimama wifi yangu, mke wa binamu yangu aliyekuwa mbali kwenye kazi za ujenzi. Tumbo lake la ujauzito lilikuwa limeshuka. Lilikuwa suala la siku tu.

Shangazi aliniketisha akaniambia jambo lililokuwa moyoni mwake, na alilirudia ili nisije nikasema sikusikia. Walikaa kwenye mahema muda wote wa vita na baada ya vita. Kule alimzika mume wake, kule alisahau namna ya kufunga mlango. Alipopata ruhusa ya kurudi aliapa kwamba mjukuu wake atazaliwa chini ya bati, ndani ya kuta nne, hata kuta zenyewe zikiwa na matundu ya risasi.

"Nimekusikia, Shangazi," nilisema.

"Usinisikie tu. Wewe si ndiye serikali?"

Nilimwambia mimi si serikali, mimi ni mwajiriwa wa shirika, na kwa mkataba. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea chai. Wakati huo nilikuwa nikiangalia uwanja wake. Kati ya bomba la maji na ukuta wa jiko kulikuwa na rundo la viti vilivyovunjika, limezungushiwa kamba ya kuanikia nguo. Nilidhani amepata wazo la kukarabati samani.

Nilianza kazi kwa kupita nyumba kwa nyumba, nikisimama nje ya mawe na kipaza sauti changu. Kinyozi alikuwa kazini. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga uwanja wake, wateja walikuja kwa uchochoro wa nyuma, wakaingiza kichwa dirishani, kiwiliwili kikabaki nje. Alininyooshea mkasi kuelekea mahali palipoota majani. Bomu lake, alisema, ni la ukubwa wa wastani, na huwa na utulivu asubuhi. Mama Pacha alisema yeye anayo mawili, kama kila kitu anachopewa na Mungu. Kwenye nyumba ya kona, Mwenye Nyumba na Mpangaji wake walikuwa wamenuniana kwa sababu hawakukubaliana kama bomu linaenda na chumba au linabaki na kiwanja.

Fundi Rangi ndiye aliyenipokea kwa mashaka zaidi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo. Nilipomuuliza, alisema ana tatizo la ngozi.

Nilianza kuelewa alipofika Dada wa Misaada na gari lake la maturubai. Shirika lake lilikuwa na utaratibu wa haki kabisa, ambao hata mimi ningeutunga: nyumba yenye mawe mekundu inapata turubai, maharage, mafuta na sabuni, kwa kuwa wenyewe hawawezi kutumia uwanja wao. Na kwa kuwa haruhusiwi kuvuka mawe mekundu, alihakiki kutoka garini. Alihesabu kwa kidole mtaa mzima, akaruka nyumba ya Shangazi. Hakuna mawe, hakuna maharage.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza ninachodhani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hana shaka kwamba mengi ya mawe yale ni ya uongo, na kwamba hilo halibadilishi kitu.

"Binti, siku tutakapoanza kubishana na mawe yetu wenyewe, nani mwingine atayaamini?"

Akatangaza uamuzi. Mtaa utahamishwa. Watu warudi kwenye mahema hadi tutakapoupekua uwanja mmoja mmoja kwa mashine ya kunusa chuma, kidole kwa kidole, na kwa wingi ule wa mawe tunaweza kufika kiangazi kijacho. Malori yatakuja kesho. Nyumba ya Shangazi peke yake, kwa kuwa haina jiwe, iko salama na inabaki.

Nilitarajia kelele. Badala yake watu walimtazama Shangazi, kisha wakatazama chini, wote kwa pamoja, kama waliofundishwa. Halafu wakaanza kubeba vitu. Hakuna aliyetaka kupeleka kabati la vyombo kwenye hema, na nyumba salama ilikuwa moja tu. Zikaja cherehani, magodoro, kitanda cha Mama Pacha chenye ngazi. Shangazi alisimama langoni akivipokea kwa mikono yake mwenyewe na kuvipanga vyote barazani, vikibanana hadi kwenye paa, huku uwanja mpana ukibaki mtupu. Dereva alipotaka kuingiza gari kinyumenyume, Shangazi alimwambia ardhi ni laini. Alipojaribu upande wa pili, akaambiwa kuna shimo la choo cha zamani. Dereva akauliza ni choo gani hicho chenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Shangazi akasema familia ilikuwa kubwa.

Mimi niliona jasho juu ya mdomo wake, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Hatimaye Mkuu aliamua kwamba, kwa kuwa pale ndipo mahali pekee salama, kikosi kitapiga hema lake la kazi papo hapo, kati ya bomba na jiko. Dereva akatoa vigingi. Akasogeza kiti kimoja kilichovunjika kwa mguu, akapiga goti, akainua nyundo.

"Usipige," Shangazi alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini mtaa mzima, ambao nilidhani umeshughulika na kuhamisha mizigo, ulikuwa umeganda, na nikajua kwamba kila mtu pale alikuwa akijua.

Dereva alirudi kwa nyayo zake zile zile alizoingilia. Mkuu alilala kifudifudi kwenye ukingo wa uwanja, akachungulia kati ya miguu ya viti. Mkia wa bomu ulikuwa umechomoza ardhini, kama samaki aliyeingia majini kichwa kwanza na kukwama.

Shangazi alieleza mbele ya wote. Mawe ya kwanza yalikuwa yake. Mama Pacha alikuja kuazima mawili, kwa ahadi ya kuyarudisha gari la misaada likishapita. Jirani hanyimwi chumvi, vipi anyimwe jiwe. Kinyozi akachukua matatu. Mpangaji akaja usiku, Mwenye Nyumba akaja alfajiri, kila mmoja akimwomba asimwambie mwenzake. Alipoishiwa, Fundi Rangi akaanza kutengeneza mengine, na akayatengeneza vizuri kuliko sisi. Yeye mwenye bomu akabaki bila jiwe, akafutwa kwenye misaada. Hata hivyo hakulala njaa, kwa sababu kila gari likipita, sufuria za maharage zilivuka ukuta kutoka kila upande. Alisema hana la kumlaumu mtu.

"Ungetusingizia tena choo, ungebaki na nyumba yako," Mkuu alimwambia. Hakuwa akimkaripia. Alitaka kuelewa.

"Mficha uchi hazai, baba. Na ndani kwangu kuna mtu anataka kuzaa."

Nilidhani mambo yameisha. Tulikuwa tumelipata bomu, tulilipue, watu walale kwao. Mkuu alinikalisha kwenye bampa ya gari akanieleza kwa nini hayajaisha. Bomu lile limekaa vibaya, halihamishiki, ni la kulipuliwa pale pale. Kulipua katikati ya mtaa unaoaminika kuwa na mabomu kila uwanja ni marufuku, maana moja linaweza kuyaamsha mengine. Na mtaa ule, kwa mujibu wa mawe, ulikuwa umejaa. Kwa hiyo kila mtu anahama kesho, na safari hii Shangazi naye.

Wifi alisikia. Alikaa juu ya mfuko wa maharage wa mtu, akasema taratibu kwamba yeye hapandi lori.

Hapo majirani walinipa sababu ya kuendelea kuwaamini watu. Walikuja mmoja mmoja mbele ya Mkuu kukiri. Mama Pacha alisema hana hata moja. Mwenye Nyumba alisema bomu ni la Mpangaji, Mpangaji akasema halipo, wakapeana mikono kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka jana. Fundi Rangi alionyesha vidole vyake.

Mkuu aliwashukuru, akasema maneno hayatoshi. Mwenye maneno ameshasema uongo kwa mawe. Atashindwaje kusema kwa mdomo? Kitu pekee kinachoweza kufuta jiwe bila kupekua ni ushahidi kwamba ardhi inatumika: nyayo, majivu, nguo zimeanikwa, mahali pamefagiliwa. Ardhi inayokanyagwa kila siku hujisemea yenyewe. Akawatazamisha viwanja vyao. Ili kumridhisha Dada wa Misaada walikuwa wameacha kuvitumia kwa muda mrefu, na majani yalikuwa yamefika magotini.

"Siwezi kumwambia mtu akanyage," alisema. "Ni kinyume cha kila kitu nilichofundishwa. Mimi sasa nakwenda kunywa chai, na nitaugeukia ule ukuta. Nikirudi nikakuta pamefagiliwa, nitaandika pamefagiliwa."

Akaenda. Akaketi kwenye kiti cha kukunja, uso ukutani, kikombe mkononi.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya kwanza. Alisimama kwenye mstari wa mawe aliyoyapanga kwa mikono yake. Akainua mguu. Mguu ukabaki hewani.

"Kinyozi, ingia," Mama Pacha alisema.

"Naingia."

"Si uingie basi."

"Najua halimo. Niliyapanga mimi." Alirudisha mguu chini, upande wa barabarani. "Lakini nimewaambia watoto limo kila siku. Nimeliota. Usingizini huwa naliona hadi rangi yake."

Watu wakacheka, kisha kila mmoja akaenda kwenye mstari wake, na kicheko kikakauka. Mama Pacha alifika mbele ya mawe yake akakumbuka kitu jikoni. Mpangaji alimpisha Mwenye Nyumba kwa heshima, Mwenye Nyumba akasisitiza kwamba mpangaji ndiye anayetangulia. Fundi Rangi, ambaye mawe ya kwake alikuwa ameyapaka siku hiyo hiyo na rangi ilikuwa haijakauka, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu hawezi kujua. Mtaa mzima ulisimama kwenye mistari yake ya mawe, umeogopa uongo wake wenyewe, na Mkuu akamimina kikombe cha pili bila kugeuka.

Nilishika kipaza sauti, nikakizima. Chuoni hatukufundishwa namna ya kumshawishi mtu kwamba hakudanganywa na mwingine ila na yeye mwenyewe.

Shangazi alitoka kwake na fagio la uani. Alipita kando ya uwanja wake, akavuka barabara, akafika kwa Kinyozi. Alipoona anataka kuingia, Kinyozi alimzuia kwa mkono.

"Shangazi, tafadhali. Je, kama lipo?"

"Wewe uliazima mawe kwangu ukaniambia huna bomu. Ulikuwa unanidanganya?"

"La hasha. Wewe sikukudanganya."

"Basi mimi ndiye peke yangu mtaani niliyeambiwa ukweli. Nipishe."

Akavuka. Nilifumba macho, sioni aibu kusema hivyo. Nilichosikia ni fagio. Shh, shh, kwa utulivu, kama asubuhi yoyote, na sauti yake akilalamika kwamba mtu mzima anaweza vipi kuacha nyumba yake ifanane na pori. Nilipofumbua alikuwa amefika kwenye ngazi ya mlango, na nyuma yake kulikuwa na njia safi yenye michirizi ya fagio. Kinyozi aliifuata njia hiyo kwa ncha za vidole. Akafika mlangoni, akaufungua kwa nje, akaingia kwake kwa mlango. Tulimsikia ndani akimwita mkewe kama mtu aliyerudi safari ya mbali.

Kwa Mama Pacha, Shangazi alifagia nusu tu, mwenyewe akampokonya fagio kwa wivu. Wengine walileta yao. Baada ya muda mtaa ulijaa vumbi hadi Mkuu akapiga chafya ukutani kwake, na watu walikuwa wakianika nguo zilizo kavu ili mradi kamba iwe na kitu. Mkuu alipogeuka aliandika alichokiona. 

Kesho yake malori yalikuja yakarudi matupu. Kikosi kilijaza mifuko ya mchanga, kikajenga ukuta mnene kati ya bomu na jiko, na watu wote tukawapeleka nyuma ya shule. Shangazi alikaa chini akiwa amemshika wifi mkono, akiangalia upande wa nyumba yake bila kupepesa. Mlipuko ulikuwa mfupi kuliko nilivyotazamia, kama mlango uliopigwa na mtu mwenye hasira. Kisha vumbi, kisha mbwa, kisha kimya.

Nyumba ilisimama. Jiko lilipata ufa wa kupitisha mkono, na bati moja liliruka likatua uwanjani kwa Kinyozi, ambaye hatimaye alipata kitu cha vita cha kweli. Dada wa Misaada aliniuliza, sasa mawe hayapo, atawajuaje wenye shida? Nikamshauri ahesabu mapaa yanayovuja. Alilipenda wazo hilo. Nyuma yake nilimwona Fundi Rangi akiliangalia paa lake kwa makini mapya.

Ilibaki kukabidhi. Ardhi iliyosafishwa huwa haikabidhiwi kwa karatasi peke yake. Kiongozi wa kikosi huitembea mwenyewe mbele ya wenye mahali. Mkuu aliupekua uwanja kwa mashine mara ya mwisho, kisha akautembea kutoka bomba hadi jiko, akarudi, akapita mshazari, akasimama juu ya mahali penyewe na kupiga mguu chini.

"Karibu nyumbani, mama," alisema.

Shangazi alibaki langoni. Alisema huyu ni mzoefu, tena amevaa viatu vya kazi. Mkuu akavua viatu akatembea pekupeku. Shangazi akasema asante, baba, lakini hakusogea. Majirani, ambao jana aliwatangulia kukanyaga bila kupepesa, walijipanga nyuma yake na mafagio yao. Kinyozi akajitolea kumtangulia. Mama Pacha akasema ataingia na mapacha wote wawili. Shangazi aliwashukuru mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Ya kwao nilijua hayamo," aliniambia pembeni. "Hili nilikuwa naliona kila siku, mwanangu. Nililiamkia."

Nilimshika mkono, nikaanza kumweleza namna mashine inavyofanya kazi. Niko katikati ya maelezo hayo, wifi akatupita. Alikuwa amechoka kusimama, miguu imemvimba, mkono mmoja kiunoni. Akaingia uwanjani akielekea mlangoni kwa njia iliyonyooka, moja kwa moja juu ya udongo uliochimbuka.

"Pita pembeni!" Shangazi alimpigia kelele.

Wifi akasimama pale pale, katikati ya shimo lililofukiwa, akageuka polepole kama meza inavyogeuzwa.

"Pembeni mpaka lini, mama? Nataka kulala."

 Shangazi akakunja upindo wa nguo yake, akaingia uwanjani, kwanza kwa haraka, halafu taratibu, akamfikia mkwewe na kumshika chini ya kwapa. Walikwenda pamoja hadi mlangoni. Barazani walikwama, kwa sababu vitu vya mtaa mzima vilikuwa bado vimebanana hadi kwenye paa na hapakuwa na pa kupita, na ndipo nikamsikia Shangazi akiita majina ya wenye mali, mmoja baada ya mwingine, aje kila mtu achukue kabati lake, watoe na kile kitanda chenye ngazi, humu ndani kuna mtu anataka nafasi.